Haki ya matibabu Tanga: nani husamehewa malipo, barua gani inatakiwa, ukikataliwa uende wapi

Je, Katiba inanipa haki ya kutibiwa?

Inaitambua, ila ujue mipaka yake kabla hujaitegemea. Ibara ya 11 ya Katiba ya mwaka 1977 inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Lakini ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo ya Katiba hayatekelezwi na mahakama yoyote. Kwa hiyo ukienda mahakamani na ibara ya 11 peke yake, hufiki mbali. Ibara ya 14, ya haki ya kuishi, ndiyo inayoweza kufunguliwa shauri Mahakama Kuu. Juu ya hayo, tangu 1976 Tanzania imefungwa na mkataba wa kimataifa wa haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni, ambao ibara yake ya 12 inahusu afya.

Kwa mgonjwa wa kawaida wa Mabawa au Chumbageni, basi, haki hii hupatikana kwanza kwenye sera, dirishani na kwenye ofisi ya ustawi wa jamii. Mahakama huja mwisho kabisa.

Mbona wazee wanasema zamani matibabu yalikuwa bure?

Wanasema kweli. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilibeba gharama, na mwaka 1977 hospitali binafsi za biashara zikapigwa marufuku. Zikaruhusiwa tena 1991, na mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama. Msamaha ulikuja pamoja na kuchangia, ili asiye na kitu asifungiwe mlango.

Nani hasa anasamehewa?

Sera ya Afya ya 2007 inawataja wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu, ukoma, ukimwi na saratani. Wapo pia maskini wasioingia kwenye makundi hayo. Hao hupimwa uwezo mmoja mmoja. Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Mtoto wa miaka 3 hahitaji kuthibitisha umaskini wa wazazi wake, umri wake unatosha, hivyo beba kadi yake ya kliniki. Mzee wa miaka 70 anatakiwa umri na hali yake vijulikane, vyote viwili.

Nifanye nini kumpatia bibi yangu msamaha?

Anza kabla hajaugua. Barua inayotafutwa huku mgonjwa yuko kitandani huchelewa, na kila siku inayopita bili inakua.

Nenda kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa anakoishi bibi, siyo mtaa wako wewe. Chukua kitambulisho cha NIDA au cha mpiga kura na picha ndogo mbili. Omba barua inayosema anaishi hapo, ana umri gani, anaishi na nani na anapata wapi riziki yake. Barua inayosema tu "hana uwezo" ni dhaifu, kwa sababu afisa ustawi wa jamii, anayepima uwezo wa mgonjwa, anapaswa kuona sababu. Hakikisha ina muhuri, tarehe na sahihi, kisha uulize kuhusu kitambulisho cha matibabu cha wazee.

Tatizo la mara kwa mara ni jina. Kitambulisho kinasema Mwanahamisi, barua inasema Mwanamisi, na karani wa dirishani anairudisha. Soma barua herufi kwa herufi ukiwa bado umesimama mbele ya mtendaji. Itoe nakala mbili, moja ibaki nyumbani.

Mgonjwa aanzie zahanati au kituo cha afya, kama Makorora, Ngamiani au Pongwe, apewe rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa ya Bombo pale inapohitajika. Isipokuwa dharura: hapo usizunguke, mpeleke moja kwa moja, na barua ifuate nyuma. Akilazwa bila barua, muulizie afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo, msisubiri siku ya kuruhusiwa.

Nimeambiwa dawa hakuna, nikanunue nje. Msamaha wangu umekufa?

Haujafa, lakini duka la mtaani haufiki. Muulize daktari kama ipo dawa nyingine ya kazi hiyohiyo kwenye stoo, kisha umwone mfamasia. Ukilazimika kununua, tunza risiti na cheti cha dawa, vitakufaa ukilalamika.

Uchungu umeshika usiku na gari hakuna?

Piga 115, ni bure. Ni namba ya m-mama ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, wazazi waliojifungua karibuni na watoto wachanga.

Muuguzi anaweza kuwaambia jamaa kuwa nina virusi?

Hapana. Sheria ya Ukimwi ya 2008 inalinda siri ya majibu. Hata shangazi aliyekuleta hospitali hana haki ya kuyasoma bila ridhaa yako.

Nimekataliwa huduma, au nimeombwa pesa pembeni. Nianzie wapi?

Andika palepale: tarehe, saa, idara, jina lililo kwenye beji. Mwone kiongozi wa zamu, kisha mganga mfawidhi, kisha mganga mkuu wa Jiji. Peleka malalamiko kwa maandishi na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Neno la mdomo hupotea kirahisi. Kwa maelezo kuhusu huduma za afya, piga 199 bure. Rushwa ipeleke TAKUKURU, namba 113. Makosa ya kitaaluma yanakwenda Baraza la Madaktari Tanganyika, au Baraza la Uuguzi na Ukunga. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko bila malipo.

Mahakama Kuu ina masjala hapa Tanga, ila marekebisho ya sheria ya 2020 yalitaka uape kwa maandishi jinsi wewe mwenyewe ulivyoathirika. Tafuta wakili, na kama huna pesa omba msaada wa kisheria chini ya sheria ya 2017.

Bima ya Afya kwa Wote itafuta msamaha?

Sheria iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023 inaweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, lakini nao lazima watambuliwe kwanza. Kwa hiyo jina la bibi liwe sahihi kwenye kumbukumbu za mtaa tangu sasa.