Walioiga kijiti, wakaacha sumaku

Wiki iliyopita mama mmoja mwenye chumba cha gemu kule Bwaise aliniletea pedi nne za kuchezea gemu ndani ya kaveera moja, yaani mfuko wa plastiki. "Fundi, wachezaji wanatembea wenyewe," akaniambia. "Vijana wanakaribia kupigana. Huyu anasema beki wake aliondoka mbele ya goli bila kuguswa, mwenzake anasema umefungwa, lipa." Nikamvutia kiti, nikafungua pedi moja mbele yake.

Chini ya kijiti kile kinachosukumwa kwa dole gumba kuna visanduku viwili vidogo. Kimoja kinasoma kushoto na kulia, kingine kinasoma juu na chini. Ukikibandua kifuniko unaona utepe mweusi wa kaboni uliopinda kama mwezi mchanga, na juu yake kimguu cha chuma kinachoteleza kila kijiti kinaposogea. Kwenye pedi ya mama utepe ulikuwa umechimbika pale katikati, na ungaunga mweusi umejaa pembeni. Chipu ya pedi hupima volteji inayopita hapo. Kaboni ikilika, volteji ya katikati inahama, na pedi inaamini kuna mtu anasukuma. Basi beki anaondoka. Kifaa chenyewe ni potenshomita, na aliyewahi kumiliki redio ya kuzungusha sauti anakijua: ni kilekile kinachokwaruza ukiongeza sauti.

Mama akatazama, akauliza: "Sasa gemu za ajabu hivi, picha kama televisheni ya mpira, na ndani wameweka kitu cha redio ya babu?"

Nina meza yangu jirani na Arua Park hapa Kampala, na Kiswahili ndicho kinachoniunganisha na wateja kutoka West Nile, Kongo na Sudan Kusini. Swali la mama ni zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa mezani hapo. Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo kirefu chake nakiandika hapa.

Kijiti cha analogi, yaani kinachopima umekisukuma kiasi gani, hakikuanza na kampuni tunazozijua leo. Konsoli, yaani mashine ya gemu, ya Atari 5200 ya mwaka 1982 ilikuwa nacho, tena cha potenshomita, ila ukikiachia hakikurudi katikati, na wachezaji wakakichoka. Aliyefanya dunia ikitake ni Nintendo, kwa Nintendo 64 ya mwaka 1996. Gemu zilikuwa zimeingia katika pande tatu, na mchezaji alihitaji kutembea polepole au kukimbia kulingana na nguvu ya dole, jambo ambalo vitufe vya msalaba haviwezi. Ndani yake Nintendo haikuweka kaboni. Iliweka visahani viwili vyenye matundu, mwanga unapita, chipu inahesabu matundu yanayopita. Usomaji ulikuwa safi. Udhaifu ulikuwa kwenye plastiki: mguu wa kijiti ulisugua bakuli lake mpaka likatoa unga mweupe, kijiti kikalegea kama jino la mtoto. Tena watu walikitesa. Gemu ya Mario Party iliwataka wachezaji wakizungushe kwa kasi, wengi wakatumia kiganja, wakachubuka. Mwaka 2000 Nintendo ilikubaliana na mwanasheria mkuu wa jimbo la New York kuwapa wateja glavu.

Sony ilitazama, ikajibu haraka. Mwaka 1997 ikatoa pedi yenye vijiti viwili, na kabla mwaka haujaisha ikatoa DualShock yenye mtetemo ndani. Mtetemo nao ulikuwa wazo la Nintendo, lililouzwa miezi michache kabla kama kifaa cha kuchomeka nyuma ya pedi, chenye betri zake mbili. Sony ilichukua wazo hilo, ikaondoa betri, ikaweka mota mbili, moja nzito na moja nyepesi, kila moja katika mkono wake wa pedi. Mimi kuiga kwa namna hiyo nakuheshimu kabisa. Aliyeiga alikifungua kitu, akaona kinapomkera mtumiaji, akapatengeneza. Kijiti kimoja kikawa viwili, na mpaka leo hakuna konsoli kubwa inayouzwa na pedi yenye kijiti kimoja.

Lakini kwenye kusoma kijiti Sony iliweka potenshomita. Ilikuwa rahisi kuipata, watengenezaji wake walikuwa wengi. Xbox ya Microsoft ilipokuja mwaka 2001 ikafuata njia hiyohiyo.

Kinachoniuma ni kwamba jibu lilikuwapo tayari, tena sokoni. Kampuni ya Sega, kwenye pedi ya 3D ya konsoli yake ya Saturn mwaka 1996 na kisha kwenye konsoli ya Dreamcast iliyotoka Japani Novemba 1998, ilitumia sumaku. Sumaku ndogo inakaa chini ya kijiti, na kihisi kinapima jinsi uga wake, yaani nguvu inayoizunguka, unavyobadilika kijiti kikisogea. Kanuni yake inaitwa Hall, kwa jina la Edwin Hall aliyeigundua mwaka 1879. Hakuna kinachogusana na kingine, kwa hiyo hakuna kaboni ya kulika. Chemchemi inaweza kuchoka, plastiki inaweza kuvunjika, lakini usomaji unabaki pale ulipo.

Mwaka 2001 Sega ikaacha kutengeneza konsoli, na washindani wake hawakuifanya sumaku ile kuwa jambo la kawaida. Waliokota vingine. Dreamcast ilizaliwa na modemu, kifaa cha kuingia mtandaoni, ndani yake, na kucheza kwa mtandao kukawa jambo ambalo kila mshindani alilazimika kulifikiria. Mtandao unaonekana, unaandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa. Kihisi cha kijiti hakionekani, na tofauti yake mteja anaiona baada ya mwaka mmoja au miwili ya kucheza, pesa zikiwa zimeshalipwa. Nimefungua pedi nyingi mno kuamini kwamba ilikuwa bahati mbaya tu.

Sheria nayo ina mkono wake humu. Ule msalaba wa mwelekeo aliubuni Gunpei Yokoi wa Nintendo kwa gemu ya Donkey Kong ya mkononi mwaka 1982, na Nintendo ikaukatia hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiuige. Sasa tazama pedi ya PlayStation: utaona vitufe vinne vilivyotengana. Ifungue. Ndani utakuta kipande kimoja cha plastiki, msalaba kamili, ila ganda la juu limefunika katikati yake. Kila ninapomfundisha kijana kazi huwa naanza na kipande hicho, kwa sababu kinamwonyesha mhandisi akipita pembeni ya uzio wa mwenzake. Wakati mwingine uzio haupitiki. Mwaka 2002 kampuni ya Immersion iliwashtaki Sony na Microsoft kwa hataza zake za mtetemo. Microsoft ilimalizana nayo mwaka uliofuata, Sony ikapigana, na PlayStation 3 ikatoka mwaka 2006 na pedi isiyotetemeka kabisa. Walipatana mwaka 2007, mtetemo ukarudi.

Kuna kuiga kwa aina nyingine ambako kizazi changu kilikulia. Konsoli yangu ya kwanza ilikuwa na umbo la PlayStation, rangi ya kijivu, mfuniko wa duara. Nilipoufungua sikukuta mahali pa sidii, nilikuta tundu la kaseti ya gemu. Nilipokua nikafungua skrubu, nikakuta bodi nyembamba na tone moja la gundi nyeusi lililogandishwa juu ya chipu. Ndani ya tone hilo kulikuwa na Famicom ya mwaka 1983, kompyuta nzima ya Nintendo iliyobanwa ikawa kipande kimoja. Walioitengeneza walidanganya kwa ganda, na hilo siwatetei. Ila kazi ya kuibana Famicom ikaingia kwenye tone la gundi ni uhandisi wa kweli, na bila hiyo sisi tusingegusa gemu utotoni.

Na ni warsha za upande uleule wa dunia zilikotoka konsoli hizo za kuiga zilizoiokota sumaku ya Sega. Miaka ya karibuni kampuni za China kama GuliKit na 8BitDo zimeanza kuuza pedi zenye vijiti vya Hall, na sasa vijiti vyenyewe vinauzwa peke yake, vinaingia kwenye nafasi ya vile vya kaboni. Mtu mdogo sokoni, asiye na jina kubwa la kuuza, ameona pale wakubwa walipoacha kutazama.

Kazi ya kuvibadilisha inataka utulivu. Kila kijiti kina miguu 14 iliyolehemiwa, pedi moja ina 28, na ukivuta kwa haraka unang'oa njia ya shaba kwenye bodi. Baadaye lazima uielekeze pedi katikati upya kwa programu, la sivyo kijiti kipya kitapotoka kama cha zamani. Angalia pia unachonunua, maana mjini kuna vijiti vilivyoandikwa Hall na ndani ni kaboni tupu. Mimi nasogeza sindano ya kushonea ubavuni mwake kabla sijalipa. Pasipo na sumaku hainati.

Mama alikuwa na pesa ya pedi mbili za sumaku, nyingine mbili nikaziwekea kaboni mpya. Kabla hajaondoka alitoa rangi ya kucha kwenye mkoba, akatia doa jekundu kwenye zile mbili za sumaku. Akasema hizo ni za fainali ya Jumamosi, wanapocheza wenye madeni.