Mbwa wa kufuga kwenye fleti: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayetafuta mbwa wa kufuga kwenye fleti huanza karibu kila mara na swali moja: yupi hakui sana? Wauzaji wa Nairobi wanalijua swali hilo na jibu wanalo mkononi. Watakuonyesha Japanese Spitz mweupe wa manyoya mengi, Chihuahua wa kubebwa kwenye mkoba, au Jack Russell wa mabaka. Udogo unaonekana kwa macho, kwa hiyo unauzika. Kinachokuja kumgombanisha mpangaji na jengo zima hakionekani siku ya kulipa.

"Nyumba ndogo, mbwa mdogo"

Hii ndiyo dhana inayozaa nyingine zote, na Jack Russell anatosha kuivunja. Ana kilo 6 hadi 8 hivi, anatosha kulala chini ya kiti. Lakini asili yake ni Uingereza ya karne ya 19, kwa kasisi aliyeitwa John Russell, aliyependa kuwinda mbweha. Kazi ya mbwa wake ilikuwa kumfuata mbweha hadi ndani ya shimo na kumbwekea humo humo mpaka atoke. Kizazi baada ya kizazi, waliochaguliwa kuzalishwa ni wale wanaobweka, wanaochimba na wasiochoka.

Sasa mfungie huyo kwenye nyumba ya chumba kimoja Kilimani tangu saa moja asubuhi hadi saa moja jioni. Saa nne kijana wa kuleta chakula anapanda ngazi, helmeti inagonga ukuta: mbwa anabweka. Jirani anafungua mlango: anabweka. Lifti inasimama ghorofa yenu, hakuna anayetoka: anabweka hata zaidi. Kufikia mchana ameshatafuna pembe ya kochi na amehamia mlangoni, ambako rangi ya chini imekwanguka mpaka mbao inaonekana. Mbwa hana ubaya wowote. Amekosa kazi, akajitafutia.

Upande wa pili yuko Greyhound, mbwa wa mashindano, kilo 30 au karibu na hapo, anayeweza kukimbia kasi ya kilomita 70 kwa saa. Ungedhani anahitaji shamba. Kumbe mbio zake ni za muda mfupi tu, na akishamaliza hujilaza. Uingereza, Greyhound waliostaafu mashindano hugawiwa familia, na wako wanaoishi kwenye fleti na kulala sehemu kubwa ya siku. Huku kwetu ni adimu, sisemi uende kumtafuta. Ninachosema ni kwamba kilo si kipimo. Uliza mbwa huyu alizalishwa kwa kazi gani, na akiwa ndani ya nyumba hutulia au hutafuta vita.

Ukubwa una shida zake pia, ila si zile zinazotajwa. Great Dane anaweza kuwa mpole na mzito wa kuamka kama mzee baada ya chakula cha mchana. Lakini siku akiteguka mguu, unakaa ghorofa ya tano na lifti haifanyi kazi, ni nani atakayembeba mnyama wa kilo 60 kumpeleka kwa daktari? Na wafupi nao wana lao: Dachshund, mwenye mgongo mrefu na miguu mifupi, huumia pingili za mgongo kwa urahisi, na ngazi za kila siku hazimsaidii.

"Kuna aina isiyobweka"

Anayetajwa hapa ni Basenji, mbwa wa misitu ya Kongo. Wawindaji wa huko humfunga njuga shingoni kwa sababu akiwa kazini hatoi sauti, na bila njuga hawajui yuko wapi. Ni kweli habweki kama mbwa wengine. Lakini si bubu. Ana sauti iliyo kati ya kuimba na kulalamika, na akiachwa peke yake anaweza kupiga mayowe ambayo jirani atadhani ni mtoto. Zaidi ya hayo ni mwepesi, mjanja, anapanda vitu. Kwa mtu anayeshinda kazini, huyu ni mtihani mgumu kuliko mbwa wengi wanaobweka.

Kelele za fleti hutokana zaidi na upweke na yale yanayopita kwenye korido. Kitanda cha mbwa kikiwa mbali na mlango wa mbele, redio ikiwa imewashwa kwa sauti ya chini, na akiwa na kitu cha kutafuna kwa muda mrefu, mbwa huyo huyo hupunguza kelele.

"Pug na French Bulldog waliumbwa kwa ajili ya fleti"

Ni wadogo, hawapendi mbio, hawabweki ovyo. Ndiyo maana mwaka 2022 French Bulldog aliwashinda Labrador, waliokuwa wa kwanza kwa miaka 31, katika orodha ya mbwa wanaosajiliwa kwa wingi Marekani. Kwa karatasi, hakuna anayewafikia.

Lakini mbwa hapoi kwa jasho kama sisi. Hupoa kwa kuhema, hewa ikipita puani na mdomoni na kuondoka na joto. Uso ukishabonyezwa ndani, kama wa Pug na French Bulldog, njia hiyo inabanwa: matundu ya pua ni membamba, na nyama laini ya nyuma ya kaakaa ni ndefu kuliko nafasi yake. Ule mkoromo ambao watu huuona wa kupendeza mara nyingi ni mnyama anayepigania hewa. Uholanzi wameshachukua hatua: huko hairuhusiwi kuzalisha mbwa ambaye urefu wa pua yake haufiki theluthi moja ya urefu wa fuvu.

Nairobi kuna ubaridi, mbwa hawa wanajikokota. Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa pili ni habari nyingine. Fikiria fleti ya ghorofa ya juu kabisa, zege limeshiba jua mchana kutwa, unyevunyevu hewani, umeme umekatika na feni imesimama, nawe uko kazini. Kwa mbwa wa pua fupi hilo ni jambo la uhai. Kama moyo wako umeshamwangukia, basi umtafute mwenye pua iliyojitokeza kidogo na matundu yaliyo wazi, na matembezi yawe alfajiri na baada ya magharibi.

"Poodle na Maltese hawaleti mzio"

Hawapukutishi manyoya mengi, hilo ni kweli, na kochi litakushukuru. Ila mzio hautokani na nywele zenyewe. Unatokana na protini zilizomo kwenye mate, chembe za ngozi na mkojo, na kila mbwa anazo. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walipima protini moja kuu kati ya hizo na wakaikuta kwa wingi zaidi kwenye manyoya ya mbwa wanaosifiwa kuwa "salama". Mwenye pumu au mzio akae na mbwa mwenyewe, saa kadhaa, zaidi ya siku moja, kabla ya kulipa senti.

"Balkoni inamtosha"

Haimtoshi. Balkoni humpa hewa na mahali pa kuwabwekea wapita njia. Ikigeuzwa choo, mkojo hushuka kwenye nguo alizoanika wa chini yako, na hapo ndipo barua ya mwenye nyumba huanza safari.

Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hawezi kujizuia zaidi ya saa mbili au tatu, hata usiku. Atahitaji kushushwa kila akiamka na kila akila. Lakini pia asikanyage mahali wanapopita mbwa wasiojulikana kabla hajamaliza chanjo za mwanzo, kwa sababu ya homa ya parvo. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi yake uitunze pamoja na mkataba wa nyumba. Akishakuwa tayari, Nairobi ina Msitu wa Karura, ambako mbwa wanaruhusiwa wakiwa na kamba. Nusu saa ya kunusa miti humchosha kuliko saa nzima ya kuzungushwa kwenye maegesho.

"Mbwa ni wangu, majirani haiwahusu"

Kwenye jengo lenye ngazi moja na lifti moja, inawahusu. Pwani, na mitaa kama Eastleigh au South C, utapanda lifti na Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtu anayekwenda kuswali akiguswa kanzu na pua yenye unyevu, umemrudisha nyumbani. Kwa hiyo mbwa wa kudondosha udenda, mfano Boxer au jamii ya Mastiff, na wale wanaorukia kila mtu kwa furaha, ni uchaguzi mbaya hapo hata wakiwa watulivu vipi. Tumia ngazi, fupisha kamba, subiri lifti nyingine.

Kuna mwingine anayesahauliwa kabisa: dada wa kazi. Mara nyingi yeye ndiye atakayeshinda na mbwa, kumlisha na kumshusha chini. Kama anaogopa mbwa, mbwa atafungiwa bafuni mchana kutwa na wewe hutaambiwa.

"Ukijua aina, umemjua mbwa"

Je, si ndicho nilichokuwa nikisema tangu juu? Si hasa. Aina hukupa makadirio ya nguvu, sauti na pua. Mbwa mmoja mmoja ni jambo jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliowahusisha mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta kwamba aina inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa.

Ndiyo maana kwa mtu wa fleti mimi humpendekeza mbwa mzima wa miaka miwili au mitatu, hata kama ni koko. Tabia yake imeshakaa, na unaweza kuipima. KSPCA, chama cha kulinda na kutunza wanyama jijini Nairobi, hugawa wa namna hiyo, wengi wakiwa machotara wasio na jina la kujivunia. Nenda mara mbili, saa tofauti. Mtazame banda la jirani likilipuka kwa kelele: anajiunga, au anainua sikio na kulala tena? Omba umpandishe ngazi. Angusha funguo nyuma yake. Na uende na huyo dada.