Draiva kufunguliwa si kadi kuokoka

Tangu Microsoft ikomeshe huduma za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi za mtumba hapa Lamu zimehamishiwa Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, na huko zimefuatwa na maneno ambayo sasa yamenichosha, juu ya kadi za michoro za kampuni ya Nvidia: "Nvidia wamefungua draiva, kwa hiyo kadi za zamani zimeokoka." Nayasikia saiba, nayasikia barazani baada ya alasiri, na kuna muuzaji mmoja nimemsikia akimhakikishia mteja kwamba "kadi hii ni chanzo huria". Kadi ni silikoni na shaba, haina chanzo. Chenye chanzo ni draiva.

Maana yenyewe ni fupi. Draiva ni programu inayokaa kati ya mfumo wa kompyuta na kifaa. Mfumo ukisema chora dirisha hapa, draiva huligeuza agizo hilo liwe lugha inayofahamika na chipu ya kadi. Ni huria ikiwa msimbo wake umewekwa hadharani chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Ni funge ikiwa kampuni imetoa faili lililokwisha kugeuzwa lugha ya mashine, na msimbo ukabaki kwao. Bei haihusiki: draiva funge ya Nvidia hupakuliwa bila kulipa hata senti. Wala haihusiki nani anaiandika, kwani sehemu kubwa ya draiva huria za Intel na AMD, kampuni nyingine za chipu, huandikwa na wafanyakazi wa Intel na AMD, kwa mshahara.

Shida inaanza pale "huria" inapotumiwa kana kwamba maana yake ni "inahudumiwa". Hizo ni habari mbili. Draiva huweza kuwa huria na isiwe na mtu wa kuishughulikia. Huweza pia kuwa funge ikahudumiwa vizuri sana, hadi siku kampuni itakaposema basi. Huria inakwambia nani ana ruhusa ya kutengeneza. Kama kuna anayetengeneza, hilo ni la kuulizia.

Sasa tuje kwa hiyo Nvidia. Kilichofunguliwa Mei 2022 ni moduli za keneli (keneli ni kiini cha mfumo wa Linux), yaani ile sehemu ya draiva inayokaa ndani kabisa, ikigawa kumbukumbu na kupeleka kazi kwenye chipu. Juu yake kuna sehemu ya pili, ile inayozungumza na michezo na programu za michoro kwa OpenGL na Vulkan, taratibu za kuagizia michoro. Hiyo imebaki imefungwa. Chini yake kuna fimwea, programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Nayo imefungwa. Kwa hiyo hata kwenye kadi mpya, mtu akisema "Nvidia wamefungua draiva" amesema kweli juu ya tabaka moja kati ya matatu.

Tena moduli hizo zinafanya kazi kuanzia kizazi cha Turing, cha mwaka 2018, kwenda mbele. Watu hudhani kampuni imewanyima tu wenye kadi za zamani, lakini sababu iko kwenye kifaa. Kuanzia Turing, kadi ina prosesa ndogo ndani yake iitwayo GSP, na Nvidia ilihamishia humo, kwa umbo la fimwea, kazi nyingi zilizokuwa zikifanywa na draiva kwenye keneli. Kilichobaki nje ndicho kilichoonyeshwa watu. Kadi ya mwaka 2010 haina GSP, na ule msimbo uliofunguliwa ukiwekwa kwenye mashine hiyo hauna wa kuzungumza naye. Tangazo la 2022 halikuwa lake hata kidogo.

Lake ni lingine. Nvidia huzigawa draiva zake kwa matawi, na kila kizazi kikizeeka huachwa kwenye tawi lake la mwisho. Kadi zake za GeForce za mfululizo wa 8, 9, 200 na 300 ziliachwa kwenye tawi la 340, ambalo toleo lake la mwisho, 340.108, lilitoka Desemba 2019. Fermi, yaani nyingi za mfululizo wa 400 na 500, zikabaki kwenye 390 hadi mwisho wa 2022. Kepler, wengi wanazijua kama 600 na 700, zikabaki kwenye 470, tawi lililofungwa 2024. Na sasa zamu imefika kwa vizazi vya Maxwell na Pascal, ambavyo tawi lake la mwisho ni 580. Aliyenunua GTX 1050, ambayo ni Pascal, akaiita kadi mpya aanze kuhesabu siku.

Mtu ataniuliza: faili la 340 si bado ninalo kwenye flashi, litaozaje? Faili halibadiliki. Kinachobadilika ni keneli. Linux haikuahidi kamwe kwamba mambo yake ya ndani yatabaki vile vile. Toleo jipya hutoka takriban kila miezi miwili na ushei, na waandishi wake hubadilisha majina ya funksheni na mpangilio wa data bila kumwomba radhi mtu. Draiva iliyomo ndani ya keneli haiumii, kwa sababu anayebadilisha kitu anatakiwa arekebishe na wote wanaokitumia. Draiva funge iko nje. Nvidia huifunika kwa ganda jembamba la msimbo ulio wazi, ambalo hukompailiwa, yaani hugeuzwa lugha ya mashine, kwenye mashine yako ili kuunganisha keneli na lile faili lililofungwa. Siku keneli ikibadilika, ganda halikompailiki, na ukiwasha kompyuta unakaribishwa na skrini nyeusi. Ndipo mtu huja mbio akasema kadi imekufa. Haijafa. Ni mkalimani wake aliyebaki nyuma.

Wapo watu wenye ari wanaolitia viraka hilo ganda, na kwa ajili yao kuna mashine za 340 na 390 zinazotembea hadi leo kwenye keneli mpya. Lakini viraka vyao vinaishia kwenye ganda. Tundu la usalama likigunduliwa ndani ya faili lenyewe, hakuna awezaye kuliziba ila mwenye msimbo, naye ameshaondoka. Huku kwetu jambo hili halina ugeni: jahazi likivuja Matondoni, yeyote ajuaye kukalafati hushika pamba na patasi akaanza kazi, hata kama aliyelijenga yuko kaburini, lakini mashine ya boti ambayo spea zake hazitolewi tena huishia kuwa kiti cha kuku.

Ipo draiva huria ya kadi hizo za zamani za Nvidia. Inaitwa nouveau, na hapa pana kuchanganya kwingine, kwa maana wapo wanaodhani ndiyo hiyo Nvidia "iliyofungua". Nouveau imeandikwa na watu wa nje, waliochunguza draiva funge inaiandikia kadi nini, kisha wakajenga ya kwao kutokana na waliyoyaona. Iliingia kwenye keneli ya Linux toleo la 2.6.33, mwaka 2010. Kwa kadi nyingi kuukuu inatosha: dirisha linachorwa, video inaonekana, projekta ya madrasa inapata picha.

Kasi ndiyo mgogoro. Kadi ikiwashwa huanza kwa mwendo wa chini, na draiva ndiyo inayopaswa kuipandisha. Kwenye Kepler, nouveau inaweza kuipandisha, ingawa ni kwa mkono, wewe mwenyewe ukiandika amri. Kuanzia kizazi cha pili cha Maxwell, mfululizo wa GTX 900, Nvidia iliweka sharti kwamba fimwea inayosimamia mwendo iwe na sahihi yake ya kidijitali, na hiyo yenye sahihi haikuwapa watu wa nouveau. Pascal ni hivyo hivyo. Turing ilipokuja na GSP njia ikafunguka tena, kwani fimwea ya GSP inaruhusiwa kusambazwa na ndiyo inayosimamia mwendo.

Utaona ajabu yake. Kwa draiva huria, kadi ya 2012 ina hali nzuri kuliko ya 2016. Umri haukwambii kitu. Ndiyo maana mtu akiniuliza "kadi ya zamani inasapotiwa?" sina jibu mpaka nijue ni ipi, na wapo wanaonikasirikia wakidhani naleta maringo ya kifundi.

Kwa AMD nitapita haraka kwa sababu hakuna ugomvi mwingi. Ilipoinunua ATI, kampuni ya kadi za Radeon, mwaka 2006 ilirithi draiva funge, na Septemba 2007 ikatangaza kwamba itatoa nyaraka za chipu zake na kusaidia draiva huria. Radeon 9700, kadi ya 2002, iliachwa na draiva funge ya Linux mwaka 2009. Ile huria ya jamii yake bado imo katika Mesa, mkusanyiko wa draiva za michoro ambao Brian Paul aliuanza mwaka 1993. Kumbuka lakini kwamba hata hapo kadi nyingi zinahitaji fimwea iliyofungwa ili ziamke, kwa hiyo "huria tupu" ni nadra kuliko wanavyodai mashabiki wake.

Na hao mashabiki nao wana neno lao linalonikera, kwamba draiva huria haifi. Inakufa. Linux 6.3, ya mwaka 2023, ilizitoa draiva za kadi za kale kama 3dfx, Savage na SiS, na mwaka mmoja kabla Mesa ilizihamishia kwenye tawi la pembeni liitwalo Amber draiva zake za mtindo wa zamani, zikiwemo za Radeon za mwanzo kabisa. Hakukuwa na mtu wa kuzijaribu tena. Tofauti ni kwamba msimbo wake upo, na akitokea mwenye kadi na subira hana haja ya kuomba ruhusa.

Wala jina la kampuni lisikudanganye. "Intel haina tabu kwenye Linux" ni kweli kwa karibu kila kitu, ila zile netbuku ndogo za miaka ya 2008 na kuendelea zenye GMA 500. Nembo ni ya Intel, lakini chipu ya michoro ndani yake ni PowerVR ya Imagination Technologies, na draiva huria iliyomo kwenye keneli inawasha skrini tu. Michoro ya pande tatu haimo. Ukiuziwa moja kwa bei ya kutupa, umeshajua kwa nini.

Basi neno ningependa lisahihishwe ni hili la "kuwekewa draiva huria", ambalo watu hutozwa pesa kwalo. Fungua temino, lile dirisha la kuandikia amri, andika lspci -k, utaona jina la kadi na moduli inayoishika wakati huo huo. Nyingi ya laptopu za mtumba zinazoshushwa hapa ni za Intel, tuseme HD 4000 ya mwaka 2012. Ukiona i915 imeandikwa chini ya jina la kadi, draiva ilikuja pamoja na keneli, sehemu ya juu iitwayo crocus ikaja pamoja na Mesa, na zote mbili ziliingia ulipoweka Linux. Hapo hakuna kilichobaki cha kuwekewa, na anayekudai mia tano ya draiva mwombe kwa upole akuonyeshe ni faili gani analoliongeza.