Umri wa mimba kwa ultrasaundi: ripoti tatu, tarehe tatu, ufuate ipi?

Mjamzito aliyepiga ultrasaundi mara tatu mara nyingi hujikuta na tarehe tatu za kujifungua. Anayoitaka daktari ni ile ya kipimo cha kwanza, ilimradi kilifanyika mapema.

Mashine haijui mimba ilitungwa lini. Inachokipima ni urefu, kwa milimita, kisha urefu huo unalinganishwa na jedwali lililotengenezwa kutokana na mimba ambazo tarehe zake zilijulikana vizuri. Kwa hiyo "wiki 11" kwenye ripoti maana yake ni kwamba vijusi vya ukubwa huu kwa kawaida huwa na wiki 11. Na wiki hizo huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, takriban wiki mbili kabla ya mimba kutungwa, hadi kufika siku 280, yaani wiki 40. Mume aliyerudi safari wiki 6 zilizopita akisoma "wiki 8" kwenye ripoti hana sababu ya kununa. Hesabu iko sawa.

Kabla ya wiki ya 14 kinachopimwa ni urefu wa kijusi kutoka utosini hadi matakoni. Miguu haihesabiwi kwa kuwa imekunjwa. Mpimaji husubiri kijusi kilale kimenyooka, anaigandisha picha, anaweka alama moja utosini na nyingine mwisho wa makalio. Ikisoma milimita 45, mimba ina wiki 11 na ushei. Njia hii ilianzishwa na daktari Hugh Robinson huko Glasgow miaka ya 1970, na hadi leo haijapata mpinzani, kwa sababu katika wiki hizo za mwanzo vijusi hukua kwa kasi inayokaribiana sana, awe mtoto wa mama mrefu au mfupi. Kosa lake ni kama siku 5 hadi 7 mbele au nyuma.

Urefu huo ukipita milimita 84 hautumiki tena, maana mtoto hujikunja na kujinyoosha apendavyo. Hapo hupimwa upana na mzingo wa kichwa, mzingo wa tumbo na urefu wa fupa la paja. Lakini sasa kila mtoto ameshika njia yake: kuna wa ukoo wa watu wakubwa, kuna ambaye kondo la nyuma halimlishi vizuri. Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Marekani huruhusu kubadili tarehe ya hedhi pale tu tofauti inapozidi siku 7 katika wiki ya 9 hadi ya 15, siku 10 kati ya wiki ya 16 na 21, siku 14 kati ya wiki ya 22 na 27, na siku 21 kuanzia wiki ya 28. Tofauti ikiwa ndogo kuliko hapo, hedhi inabaki kuwa msingi, kama mama anaikumbuka kwa uhakika na mzunguko wake hauyumbi. Aliyeshika mimba akiwa ananyonyesha, au mara tu baada ya kuacha sindano za uzazi wa mpango, mara nyingi hana tarehe ya kuaminika.

Tuseme kipimo cha mapema kinaonyesha kwamba leo mimba ina wiki 34, na ultrasaundi ya leo inasoma 32. Ukirudisha tarehe nyuma, umemfanya mtoto aonekane wa kawaida, kumbe huenda amedumaa tumboni na anahitaji kuangaliwa kwa karibu. Kipimo cha leo kinaeleza ukuaji tu. Umri ulishajulikana.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apate ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Aliyechelewa hadi wiki ya 30 bado atapewa tarehe, ila ni tarehe inayoweza kupishana na ukweli kwa wiki 3, na kwa kawaida ataambiwa arudi baada ya wiki 3 au 4 ili ionekane mtoto ameongezeka kiasi gani.