"Linux haina draiva ya Wi-Fi yangu"

Wiki hii mteja wa tatu amenijia na maneno yale yale. Alikuwa ameshabadilisha distro (aina ya Linux, kama Debian au Ubuntu) mara nne, na kila mara akifuta kila kitu na kuanza upya. Ndugu zangu, acheni kufomati.

Dhana: Wi-Fi haionekani, basi draiva (programu inayoendesha kifaa) haipo, niitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Hayo ni mazoea ya Windows. Kwenye Linux draiva nyingi zimo ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo: iwlwifi ya kadi za Intel imo, rtw88 na rtw89 za Realtek zimo. Kinachokosekana mara nyingi ni fimwea, yaani faili ambalo draiva hulipakia kwenye kadi kila mashine inapowaka. Bila hilo kadi ni bubu. Debian ilianza kuweka fimwea zisizo huru kwenye diski zake rasmi za usakinishaji katika toleo la 12, mwaka 2023; ndiyo maana matoleo ya nyuma yalisumbua watu sana.

Keneli hukuambia yenyewe imekosa nini. Fungua terminal, andika `sudo dmesg | grep -i firmware`. Mstari unaoishia na "failed with error -2" maana yake faili limetafutwa, halikupatikana, na jina lake limo humo humo. Usishtuke ukiona mistari kadhaa ya hivyo: iwlwifi huanza kuomba toleo jipya kabisa, likikosekana inashuka moja moja. Ukikuta "loaded firmware version" chini yake, fimwea ipo. Usipoikuta, chomeka simu kwa kebo ya USB, shiriki intaneti yake, kisha sakinisha `firmware-iwlwifi` (ya kadi za Intel) kwenye Debian, au `linux-firmware` kwenye Ubuntu na Arch. Washa upya. Mteja wangu alihitaji kifurushi hicho kimoja tu.

Baadhi ya kadi za Broadcom ndizo hutaka draiva ya nje, `wl`. Hapo angalia Secure Boot, ulinzi wa kuwaka kwa mashine uliomo kwenye BIOS/UEFI, kwa sababu ikiwa imewashwa draiva isiyosainiwa hukataliwa.

Dhana: Kadi imekufa.

Anza na `rfkill list`, inayoonyesha kama Wi-Fi imefungwa. "Soft blocked: yes" huondolewa kwa `rfkill unblock wifi`, "Hard blocked" tafuta swichi au kitufe cha Wi-Fi. Na kama Windows imo kwenye mashine hiyo hiyo, zima Fast Startup (mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka), maana ukiwa umewashwa, Windows haizimiki kabisa na inaweza kuiacha kadi katika hali ambayo Linux haiwezi kuiamsha.

Dhana: Sauti ikigoma, ondoa PipeWire urudishe PulseAudio.

Zote mbili ni programu za kusimamia sauti, na zinategemea ALSA, sehemu ya keneli inayoendesha kadi ya sauti, iliyo chini yake. Kama `aplay -l`, inayoorodhesha kadi za sauti, haioni kadi na mipangilio inaonyesha "Dummy Output", kubadilisha cha juu hakusaidii. Laptopu nyingi mpya za Intel hutaka fimwea ya sauti iitwayo SOF: `firmware-sof-signed` kwenye Debian, `sof-firmware` kwenye Arch. Kadi ikionekana lakini iko kimya, fungua `alsamixer`, bonyeza F6 uichague, halafu tazama chini ya kila mstari wa sauti. Ukiona MM, imezimwa. Bonyeza M.