Zawadi ya kushtukiza katika michezo ya video: matabishi au tombola?

Ukienda soko la Kadutu, hapa kwetu Bukavu, Kongo, kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mama atakupimia kopo lako, atalisawazisha kwa mkono, kisha mtatazamana. Wewe husemi kitu, naye hasemi kitu. Baadaye mkono wake unarudi kwenye beseni na kukuongezea kiganja kimoja. Hayo ndiyo matabishi. Siku nyingine kiganja kinajaa hadi unacheka, siku nyingine ni samaki watano wa kuhesabu, na kuna siku mama anageukia mteja wa nyuma yako kana kwamba hajawahi kukuona. Bei ya kopo haikubadilika. Lakini ukifika nyumbani husimulii kopo, unasimulia matabishi.

Nimeanzia sokoni kwa sababu wanaoniuliza zawadi ya kushtukiza katika michezo ya video ni kitu gani, wengi wanaijua tayari. Kwa maneno machache: ni chochote ambacho mchezo unampa mchezaji bila yeye kujua mapema atapata nini, atapata lini, au kama atapata kabisa. Sarafu zinazomwagika ukigonga tofali, upanga alioudondosha adui, sanduku linalofunguka, kadi ya mchezaji mpira. Yote yanaingia humo.

Tuliokua na kaseti za michezo mikononi tuliionja kwenye Super Mario Bros., mchezo wa Japani wa mwaka 1985. Kulikuwa na matofali yenye alama ya kuuliza, na hayo yalikuwa yanajitangaza yenyewe. Utamu ulikuwa kwa yale mengine: tofali la kawaida kabisa, halina tofauti na jirani zake, unaligonga kwa bahati mbaya na sarafu zinaanza kutoka moja baada ya nyingine. Kuanzia siku hiyo hakuna tofali lililosalimika. Tuligonga yote, na mengi hayakuwa na kitu.

Kabla ya huo kulikuwa na Adventure, mchezo wa kampuni ya Atari ya Marekani uliotoka 1980. Kampuni haikuwa inaandika majina ya waliotengeneza michezo yake, na Warren Robinett, aliyeutengeneza huo, hakuridhika. Akaficha chumba ambacho hukiingii mpaka uokote kitone kimoja kidogo, rangi yake sawa na ya sakafu, ukipeleke mahali pake. Ndani ya chumba kulikuwa na jina lake. Kitu cha namna hiyo, kilichofichwa na mtengenezaji kikingoja wa kukiona, mafundi wa michezo wanakiita yai la Pasaka mpaka leo.

Hapa inabidi kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Chumba cha Robinett hakibahatishi. Kipo pale pale leo na kesho, na ukimwelekeza rafiki yako njia, naye atakikuta. Upande wa pili kuna zawadi zinazoamuliwa kwa bahati ndani ya mashine. Unapomwua adui au kufungua sanduku, programu inachota namba. Tuseme ni kati ya 1 na 1,000. Ikiangukia kwenye fungu dogo lililotengwa, unapata kitu adimu. Ikiangukia kwingine, unapata takataka yenye mapambo. Genshin Impact, mchezo wa China uliotoka 2020, unaeleza wazi kuwa nafasi ya kupata mhusika wa nyota tano ni asilimia 0.6 kwa kila jaribio, yaani 6 kwa 1,000. Ukikosa mfululizo, jaribio la 90 unapewa kwa lazima. Wachezaji wanakiita kifungu hicho huruma, na jina limekaa vizuri, maana mwenye kuhurumiwa hapo ameshatoa mengi.

Kwa nini inashika hivyo? Jibu moja lilitoka kwa nyani. Miaka ya 1990 mwanasayansi Wolfram Schultz na wenzake walipima chembe za ubongo zinazotoa dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni, kwa nyani waliokuwa wakipewa matone ya maji ya matunda. Tone likija ghafla, chembe zinawaka. Nyani akishazoea kuwa taa ikiwaka tone linafuata, chembe zinawaka kwenye taa, na tone lenyewe likija hazishtuki tena. Taa ikiwaka na tone lisije, zinanyamaza wakati ule ule ambao tone lilitakiwa kufika. Kwa hiyo kinachopimwa pale si tone lenyewe, ni umbali kati ya ulichotegemea na ulichopata. Sambaza waliomo kwenye kopo ulishawahesabu tangu nyumbani. Kiganja cha juu ndicho kinachokushtua, na kisipokuja unakisikia kisivyokuja.

Jibu lingine ni la zamani kidogo. B. F. Skinner, mwanasaikolojia Mmarekani, alifundisha njiwa kudonoa kitufe ili wapate nafaka, na mwaka 1957 yeye na Charles Ferster walitoa kitabu kinene juu ya ratiba za malipo hayo. Njiwa anayelipwa kila akidonoa idadi fulani isiyobadilika, akishakula anapumzika kidogo, kama mfanyakazi aliyepokea mshahara. Njiwa ambaye idadi yake inabadilika, mara mbili, mara sitini, mara kumi, hapumziki. Tena, nafaka ikikatwa kabisa, anaendelea kudonoa muda mrefu kabla ya kukata tamaa, maana kwake kukosa ni sehemu ya kazi. Tulivyokuwa tukigonga yale matofali mbele ya televisheni, njiwa angetutambua.

Sina ugomvi na jambo hilo lenyewe. Mchezo usio na la kushtua ni kama hadithi ambayo umeambiwa mwisho wake mlangoni. Siiti mshangao hata zile zawadi za kila siku, ambazo simu inakukumbusha asubuhi kwamba siku ya saba utapewa kitu kikubwa. Hiyo ni posho ya kufika kazini. Ugomvi wangu unaanza pale matabishi yanapowekewa bei.

Angalia ninachosema. Kwa mama wa sambaza nimelipia kopo, na kopo nimelipata. Matabishi yamekuja juu yake. Akininyima, ninanung'unika, lakini chakula cha jioni kipo. Kwenye sanduku la bahati linalouzwa, kopo limeondolewa. Ninalipia kiganja peke yake, na sijui kina nini. Hiyo kwetu ina jina lake, ni tombola, bahati nasibu.

Mfano unaofahamika ni mchezo wa mpira wa kampuni ya EA, uliokuwa unaitwa FIFA na tangu 2023 unaitwa EA Sports FC. Mwaka 2009 ulianzisha utaratibu wa kujenga timu kwa kadi zinazotoka kwenye pakiti zilizofungwa. Unamtaka Wissa, mshambuliaji wetu wa Kongo, unampata kipa wa ligi usiyoijua. Pakiti unaweza kuinunua kwa sarafu ulizozipata kwa kucheza, au kwa pointi za pesa halisi.

Kuifungua kwenyewe ni sanaa. Nimewahi kusimama nyuma ya vijana kwenye chumba kimoja cha michezo karibu na mtaa wa Nyawera, mmoja kashika maneti, kile kidude cha kuchezea, wengine sita wameshika pumzi. Kadi nzuri haitoki mara moja. Kwanza giza. Halafu bendera: Ufaransa! Chumba kizima kinasimama. Halafu nafasi anayocheza: mshambuliaji! Mtu anaanza kupiga kelele za jina. Halafu nembo ya klabu, na kelele zinakatika katikati, maana klabu siyo yenyewe. Sura inapotokea hakuna anayeitazama. «Ilikuwa karibu,» akasema mwenye maneti. Haikuwa karibu hata kidogo. Namba ilishachotwa kabla bendera haijaonekana. Yaliyofuata yote yalikuwa ngoma ya kumtoa bwana harusi. Lakini neno hilo, karibu, ndilo linalomfanya mtu afungue nyingine. Siku ile umeme ulikatika kabla hajafungua, na sijui kama aliyelaani SNEL, shirika letu la umeme, kwa sauti kuliko wote alikuwa yeye au mwenye chumba.

Serikali kadhaa zimejaribu kuliita jambo hili kwa jina. Japani mwaka 2012 ilipiga marufuku aina moja, ile ambayo unakusanya vitu kadhaa vya bahati ndipo upate kimoja kikubwa. China tangu 2017 inataka kampuni zitangaze nafasi ya kila kitu, na mwishoni mwa mwaka huo Apple ikaweka sharti kama hilo kwenye duka lake la programu. Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema masanduku ya FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive ni kamari kwa sheria zao. Januari 2019 EA ikaacha kuuza pointi zake nchini humo. Ndiyo maana binamu yangu aliyeko Liège hufungua pakiti kwa sarafu za kucheza tu, na huwa anatuonea wivu sisi wa Bukavu kwa uhuru ambao pochi zetu hazina haja nao. Uholanzi ilianza na msimamo kama wa Ubelgiji, lakini mwaka 2022 mahakama yake ya juu ya mambo ya utawala ikaipa EA haki: kwa majaji, pakiti si mchezo unaojitegemea, ni kipande cha mchezo mkubwa wa ustadi. Mimi niko na Wabelgiji. Kijana yule wa Nyawera hakuonyesha ustadi wowote alipobonyeza kitufe.

Kutangaza nafasi ni vizuri, ila kunahitaji mtu anayejua kuisoma. Mpwa wangu ana miaka kumi na minne. Alikuja na mchezo wa simu, jina nitaliacha, amemaliza pesa za nauli ya juma zima kwa kijana wa mtaani anayewauzia wenzake vito vya mchezo. Nikamwuliza kama alisoma nafasi. Alisoma. «Mjomba, wameandika moja kwa mia. Nimeshafungua arobaini. Zimebaki sitini.»

Hesabu hiyo ingekuwa sawa kama masanduku yangekuwa gunia: unatoa kimoja, kinabaki pungufu. Lakini mchezo usio na ile huruma hauna kumbukumbu. Kila sanduku ni gunia jipya lenye vitu mia, na arobaini alizokosa hazikumsogeza hata hatua moja. Kati ya watu 100 wanaofungua masanduku 100 kila mmoja kwa nafasi ya moja kwa mia, karibu 37 wataondoka mikono mitupu. Nilimwonyesha kwenye karatasi, akaitikia kama wanavyoitikia watoto wanaotaka mzee anyamaze.

Nikachukua kopo la maziwa ya unga na vizibo vya bia mia moja, tulivyokuwa tunachezea dama. Kimoja nikakipaka rangi nyekundu ya kucha, ya mama yake. Sharti moja: ukitoa kizibo, unakirudisha, unatikisa, ndipo utoe tena. Akaanza kwa bidii. Alipofika arobaini akanitazama. Alipofika mia alikuwa ameacha kutazama mtu. Chekundu kilitoka mara ya mia na thelathini na moja, giza limeshaingia, naye akakiweka juu ya meza bila kusema neno.

Dada yake mdogo alikuwa amekaa pale tangu mwanzo. Akaomba kujaribu, akapata chekundu mara ya nne. Akakirudisha ndani ya kopo upesi, akalitikisa, na kuniuliza kama anaruhusiwa kuendelea.