Mdudu wa kunde umemleta mwenyewe kutoka shambani

"Bi shamba, gunia nimelishona kwa mkono wangu. Mdudu kaingilia wapi?" Swali hili nakutana nalo kila nikipita Micheweni baada ya mavuno, na jibu langu huwaudhi watu: hakuingia, mmekuja naye.

Fukusi wa kunde hutaga juu ya maganda yangali shambani, hasa yakichelewa kuchumwa. Yai likianguliwa, buu hutoboa punje akajificha humo, anakula, wewe huoni kitu. Kwa joto letu la Pemba, mwezi mmoja tu humtosha kukua na kutoka, akaacha kile kitundu cha mviringo. Akishatoka hali tena kunde; kazi yake ni kupandana na kutaga. Kwa hiyo vitundu unavyoviona ni habari ya jana.

Ndiyo maana sina imani kubwa na majani ya mwarobaini. Harufu yake humkera aliye nje; buu aliyemo ndani ya punje hana habari. Kuanika jamvini nako huwakimbiza wakubwa tu. Afadhali utandike nailoni nyeusi, umwage kunde kwa safu nyembamba, ufunike kwa nailoni nyeupe ya kuonyesha, pembeni ukandamize kwa mawe. Joto likifika nyuzi 57 likakaa saa moja, hafi mdudu peke yake, hata mayai na mabuu.

Majivu ya jikoni yaliyochekechwa yanafaa pia, ila yawe mengi: kibaba cha majivu kwa kibaba cha kunde. Si sumu. Yanajaza nafasi baina ya punje, mdudu akakosa pa kupita kumtafuta mwenzake. Wengi hunyunyizia kiganja kimoja kama chumvi, kisha wakasema majivu hayafai.

Mimi natumia dumu. Lile la mafuta ya kula la lita 20, lioshwe likauke kabisa, lijazwe kunde mpaka shingoni, kifuniko kikazwe. Wadudu waliomo huvuta hewa mpaka oksijeni inapungua, wanaacha kula. Kinachowamaliza hasa ni kiu: mwili wa fukusi hujitengenezea maji kwa kutumia hiyo oksijeni, na ndani ya punje kavu hana pengine pa kuyapata.

Kunde zisizokauka sawasawa usizitie humo, zitaota ukungu. Tia konzi moja kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha kunde juani.

Mpunga hausumbui hivyo, ganda lake ni ngao. Usiukoboe mapema tu.

Mwaka mmoja dumu la nyumbani kwetu liliharibika lote. Kumbe kila wiki mama alikuwa akilifungua kuchota za kupika, na kila akifungua, wadudu wanapata pumzi mpya. Siku hizi, kunde za mbegu ndizo ninazotia dumuni, haliguswi miezi miwili. Za kula nazigawa kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, akifungua moja anaimaliza.